Picha ya Mama Ubah Iliyokataa Kufunguka

Mwaka wa pili baada ya mafuriko makubwa ya Tana, nilikuwa karani katika ofisi ya shirika dogo la misaada pale Garissa. Mimi ni Muslimo, msichana wa Masalani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikajifunza kupiga taipu, na kwa macho yangu nilikuwa nimefika. Ofisi ilikuwa na kompyuta, feni iliyolalamika kutwa, na laini moja ya simu ambayo sote tuliinyenyekea kama mkwe. Mtu akizungumza kwenye simu, imeili haiendi. Imeili ikienda, hakuna wa kupiga simu. Na upepo ukivuma kwa nguvu, vyote viwili tulivisahau, tukanywa chai.

Maziwa ya chai hiyo yaliletwa na Nafiso. Kila asubuhi alifika langoni na madumu yake ya maziwa ya ngamia, kichwa kimefungwa shali la manjano, anasalimia mpaka paka. Hatukuwa na undugu, lakini nilimwita habaryar, mama mdogo, na yeye akanigombeza kama mama mdogo kweli. Madumu yake aliyafukiza kwa kuni za mgunga, na chai yetu ikanuka moshi ule. Mpaka leo nikinywa chai isiyo na moshi naiona kama imesahauliwa kitu.

Nafiso alikuwa mtu wa Kismayo. Vita vilipoanza walikimbia kwa miguu yeye, mumewe, wanawe, mdogo wake wa kiume, Hamze, na mama yao, Ubah. Mama hakufika. Walimzika njiani kabla ya Liboi, wakaendelea kutembea. Baada ya miaka ya kambini Dadaab, Hamze alipata nafasi ya kwenda Norwe, na Nafiso akahamia Garissa na wanawe kutafuta riziki. Mumewe alikuwa dereva wa lori la mizigo, leo Mandera, kesho Wajir.

Huko Norwe Hamze alijifunza mambo ya kompyuta. Nafiso akamwomba mkuu wetu wa ofisi, mzee mpole aliyetoka Machakos, amruhusu kupokea barua za mdogo wake kwa anwani yetu. Mzee alikubali kwa sharti moja: picha zisitumwe. Kuna mtu aliwahi kututumia picha ya harusi, laini ikaziba alasiri nzima, na taarifa ya Nairobi ikalala.

Basi asubuhi moja nilikuta barua ya Hamze. Nafiso alipofika nilimketisha kwenye kiti cha wageni, nikamsomea. Hamze aliandika kwamba jirani yao wa zamani wa Kismayo, ambaye sasa anaishi Italia, amepata picha ya mama kwenye sanduku lake. Ilipigwa uani kwao, zamani, kabla ya matatizo. "Najua ofisi haitaki kutumiwa picha," aliandika, "kwa hiyo nimeiweka kwenye ukurasa wa intaneti. Bonyezeni hapa chini mtamwona hooyo."

Chini yake kulikuwa na maandishi marefu ya buluu, yamepigiwa mstari.

Nafiso aliyatazama maandishi yale. Halafu akasema polepole, "Muslimo, sauti yake ninayo. Namsikia akiniita. Lakini uso umeanza kunitoka. Najaribu usiku, naona shali tu."

"Leo utamwona, habaryar," nikamwambia, na nikabonyeza.

Alama ya kungoja ikatokea kwenye kioo, ikazunguka, ikapotea. Hakuna kilichofunguka. Nikabonyeza tena. Hakuna.

"Iko wapi?"

"Inakuja."

Haikuja. Nilibonyeza mpaka nikaona haya, nikamwita Abdille.

Abdille ndiye aliyekuwa fundi wetu wa kompyuta, kijana mrefu wa Bura aliyesomea Nairobi na kurudi na miwani na subira. Alivuta kiti, akaisoma barua, akampa Nafiso pole ya mama kana kwamba msiba ulikuwa wa jana. Kisha akabonyeza mwenyewe, akatazama, akacheka kwa pua.

"Kosa ni langu hili," alisema. "Wiki iliyopita niliweka programu mpya ya kufungulia intaneti, nikafuta ya zamani. Barua bado inamwita yule wa zamani. Ni kama kumbishia hodi mtu aliyehama."

Akaingia ndani ya mipangilio ya kompyuta, akaieleza kuwa mwenye nyumba amebadilika. Alipobonyeza tena, dirisha jipya lilifunguka, jeupe pe. Nafiso akashika mkono wangu. Lakini badala ya mama yakaja maandishi: ukurasa huo haupatikani.

"Haupatikani maana yake nini?" akauliza Nafiso. "Hamze ameuondoa?"

"Hapana, mama. Hatujapiga simu. Barua tulishaipokea, lakini ukurasa uko ng'ambo, lazima tuufuate kwa laini."

Na laini, wakati huo, ilikuwa kwa mzee. Tulimsikia ng'ambo ya ukuta akipaza sauti kwa mtu wa Nairobi kuhusu magunia ya unga. Akimaliza hapo, alikuwa na simu nyingine ya kupiga, na nyingine. Mimi nilikuwa tayari kumwambia Nafiso arudi kesho. Yeye alisimama, akajifunga shali vizuri, akaenda akasimama mlangoni mpaka mzee akaweka simu chini.

"Bwana mkubwa," alisema kwa Kiswahili chake, "bicha ya mama yangu iko ndani ya mashini. Mama alikufa barabarani. Naomba wewe subiri simu kidogo. Kidogo tu."

Mzee alimtazama. Nilidhani atataja sharti lake. Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Mimi pia mama yangu sina picha yake," alisema. Akaondoa mkono kwenye simu, akatoka nje kuzungumza na mlinzi, akatuachia laini.

Modemu, kisanduku cha kuunganisha kompyuta na laini, ikaanza kulia. Nani leo anaukumbuka mlio ule? Ulianza kwa miluzi, ukakwaruza, ukakoroma kama ngamia asiyetaka mzigo, kisha kimya, na hicho kimya kilikuwa furaha. Tulikuwa tumeingia. Abdille akabonyeza.

Ukurasa haupatikani.

Safari hii hata yeye alikuna kichwa. Akajaribu tena. Akajaribu ukurasa mwingine anaoujua, nao ukafunguka vizuri, kwa hiyo laini haikuwa na neno. Nafiso alikuwa ameanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Abdille akaisogeza barua kando ya dirisha lile kwenye kioo. "Nisomee hiyo anwani herufi kwa herufi. Mimi nitafuata iliyoandikwa juu ya dirisha."

Nikasoma. Yeye akafuata kwa kidole kwenye kioo, akiitikia "eeh, eeh," na mimi nikaendelea kusoma mpaka akasema, "Ngoja. Mimi nimefika mwisho."

"Mbona mimi bado?"

Tukatazamana. Anwani ya Hamze ilikuwa ndefu mno. Barua ilipofika kwetu, ilikuwa imekatwa katikati ili itoshe kwenye upana wa kioo, kipande kimoja mstari wa juu, kipande cha pili mstari wa chini. Cha juu kilikuwa cha buluu. Cha chini kilikuwa cheusi kama maneno mengine yote, na hatukukijali. Kila tulipobonyeza, kompyuta ilikwenda na nusu ya anwani.

"Kama kumwelekeza mtu Garissa," Abdille alisema, "ukamtajia mtaa, ukamnyima jina la mwenye nyumba."

Akakichukua kipande cha chini, akakibandika mwisho wa kile cha juu bila kuacha nafasi, akatazama mara mbili. Kisha akampisha Nafiso kiti. "Bonyeza wewe, mama. Ni mama yako."

Nafiso alibonyeza kwa kidole kilichonuka moshi wa mgunga.

Siku zile picha haikutokea kwa mpigo. Iliteremka kutoka juu, utepe kwa utepe, kama pazia linaloshushwa na mtu mvivu. Kwanza ukuta uliopakwa chokaa. Kisha tawi la mpapai. Kisha shali. Kipaji cha uso kikaja, nyusi zikaja, kisha macho. Macho ya mwanamke anayejizuia asicheke.

"Hooyo," alisema Nafiso. Akasalimia kabisa, salamu yote, kama mtu aliyeingia nyumbani. "Assalamu alaykum, hooyo."

Mimi nililia. Abdille aligeuka akaanza kupanga waya ambazo hazikuhitaji kupangwa.

Picha iliendelea kushuka mpaka mabegani, na Nafiso akapata ulimi wake. "Sasa mtaniona mimi," alisema. "Naikumbuka siku hii. Mimi nilipakatwa mapajani. Mimi ndiye niliyekuwa kipenzi chake, hata Hamze anajua."

Mapaja yakaja, na mtoto kweli alikuwapo, mnene, kichwa kimenyolewa, ngumi mdomoni. Mvulana.

"Huyu ni Hamze," nikasema.

Nafiso akasogeza uso mpaka karibu aguse kioo. Chini kabisa, pembeni, utepe wa mwisho ulileta msichana mdogo aliyeng'ang'ania nguo ya mama, mdomo wazi, analia kwa nguvu zake zote.

Nilimwogopea. Lakini kitu kama kikohozi kilimpanda kifuani, kikageuka kicheko, na alicheka mpaka mzee akaja kuchungulia. "Wallahi nimekumbuka!" alisema, machozi yakimtiririka. "Nilikula halwa ya wageni. Yote! Mama alinichapa, mpiga picha akafika hapo hapo. Ndiyo maana anajizuia kucheka, mtazameni. Ananicheka mimi!"

Na akaanza kusimulia. Mpaka siku hiyo sikuwahi kumsikia akiitaja Kismayo ila kwa sababu ya vita. Sasa ilikuwa halwa, ilikuwa mpapai ambao matunda yake yaliibwa na jirani huyu huyu wa Italia, ilikuwa mama akiwaimbia mbuzi ili watulie akiwakamua. Mzee alivuta kiti. Simu za Nairobi zilingoja.

Tuliichapa picha kwa mashine yetu, ikatoka ya kijivu, yenye mistari. Nafiso aliiona nzuri kuliko ile ya kwenye kioo, kwa sababu hii ilishikika. Jioni hiyo nilimsindikiza kwake. Wanawe, Kaltuma na Abdishakur, walikuwa wadogo sana wakati wa safari ile. Nyanya yao kwao alikuwa jina tu la kuombewa. Waliweka karatasi juu ya mkeka wakaanza kugombana.

"Pua ni yangu," Kaltuma alisema.

"Yako haiko hivyo. Hii ni pua ya mjomba."

"Mama, mwambie!"

Nafiso alikuwa jikoni akikoroga chai. Aliwaambia wasiikunje karatasi, na wasogee, kwa maana kuna habari ya halwa wanapaswa kuisikia.