Kigingi cha Tisa

"Jumamosi, saa kumi," karani Lazarus alisema mara ya pili. Alikuwa amepanda juu ya jiwe ili viatu vyake visiguse matope ya mahali ng'ombe waliponyweshwa. "Kila mtu asimame penye kigingi chake. Nitapita na kitabu. Kigingi bila mtu, nitapea mwingine."

Wauza uji na wauza viazi waliitikia kwa pamoja. Nyanchoka alikuwa ameinamia chungu chake, na mwiko ukasimama katikati ya uji.

Mwaka ule wa 1934 mji wa Kericho ulikuwa ukipangwa upya. Uwanja wa mbele ya maduka, ambapo magari ya ng'ombe yalifunguliwa tangu siku za kwanza za mji, sasa ulimwagiwa kokoto ili malori yapate mahali pa kusimama. Lori halili nyasi, halichafui mlango wa mtu, wala halilali njiani likicheua. Wenye maduka walilipenda kwa hayo tu. Ng'ombe waliambiwa wateremke bondeni karibu na kijito, kwenye uwanja mpya uliozungushiwa waya. Waliowapikia waendesha magari wakagawiwa vigingi kumi na viwili kando ya waya huo. Nje ya vigingi, hakuna ruhusa ya kuwasha moto mjini. Serikali ilipenda vigingi kuliko mkulima anavyopenda mvua.

Kura ilimpa Nyanchoka kigingi cha tisa, kando ya lango kabisa. Hapo mtu akifungua nira tu, harufu ya wimbi inamfikia. Alikuwa mjane, mumewe alifia kwenye kambi ya shamba la chai, na tangu hapo chungu ndicho kilichowavika yeye na mwanawe Nyaberi. Akikosa kigingi angerudi Kisii kwa shemeji zake, watu ambao hawakuwa wamemjulia hali tangu siku ya matanga.

Lakini Jumamosi ilikuwa Sabato. Tangu abatizwe Drusilla, moto wake ulizimwa Ijumaa alasiri, na haukuwashwa kwa biashara mpaka Jumapili. Uji wa Ijumaa uliobaki aliwagawia waendesha magari bure, akikwangua chungu mpaka chini, kisha akashika njia ya Kapsoit walikokutana waumini wenzake.

"Bwana karani," akasema, "haiwezi kuwa Jumapili?"

"Jumapili mimi naenda kanisa, mama."

"Na mimi Jumamosi."

Watu wakacheka. Lazarus hakucheka. Alijikuna kidevu kwa penseli. "Sheria sikuandika mimi," akasema, akashuka kwenye jiwe, moja kwa moja ndani ya matope.

Ijumaa jioni, huko Kapsoit, Nyanchoka alimfuata Mzee Mosoti, kiongozi wa waumini, akamkuta akipasua kuni za mwisho kabla jua halijazama.

"Mzee, kusimama tu mahali, bila kuuza, hiyo ni kazi?"

Mosoti aliweka shoka chini.

"Kusimama si kazi, mama. Lakini wewe utakuwa umesimama kwa sababu gani?"

Nyanchoka aliijua sababu. Alilala Kapsoit, na Jumamosi akakaa kwenye benchi la nyuma, akaimba na wenzake. Jua lilipoonyesha saa kumi alilia waziwazi, bila kufunika uso. Jirani yake akamshika mkono na kuendelea kuimba.

Jumapili alirudi mjini chini ya manyunyu yaliyokuwa yakianguka tangu jana usiku. Hakuwa na tumaini lolote. Alikwenda bondeni kuchukua chungu na mafiga yake, amalize.

Penye kigingi cha tisa palikuwa na gari la ng'ombe.

Lilisimama limepinda, limefunikwa turubai, ekseli moja juu ya mawe, gurudumu limelazwa kwenye nyasi. Gari likiwa hivyo halisogezwi na mtu, hata askari anajua. Ukilivuta unavunja ekseli, na atakayelipa ni wewe uliyelivuta. Kando yake, juu ya nira, alikaa Kepher, mtu wa ziwani aliyepeleka unga Sotik, akipaka ekseli grisi ambayo ilikuwa imekwisha kupakwa vya kutosha.

"Umefika, mama," akasema. "Nilianza kuona kwamba watu wa Kapsoit wamekuoa."

"Kepher, gari imekuwa nini?"

"Gurudumu imetoka."

"Imetoka namna gani?"

Kepher akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile chuma kifupi kinachozuia gurudumu lisichomoke. Akamwonyesha, akakirudisha.

"Watu watano walikuwa wamesimama hapo jana, macho kwa vigingi tupu kama mwewe," akasema. "Karani akakuja. Akasema toa gari. Nikasema gurudumu imetoka. Sikusema imevunjika, mama, najua nyinyi hampendi uongo. Nilisema imetoka. Si imetoka? Akaandika, akasema atarudi Jumatatu."

Nyanchoka alikaa chini kwenye nyasi zilizolowa. "Na unga wa Sotik?"

"Sotik hawajafa njaa."

"Na tajiri wako?"

"Atapiga kelele. Halafu atachoka." Akageuka kuwatazama ng'ombe wake wanane waliokuwa wakila kando ya kijito. "Miaka sita, kila Ijumaa, unatulisha chungu mzima. Ulifikiri tunakunywa tu na kusahau?"

Kwa kweli hakuwahi kufikiri chochote. Kwake uji ule ulikuwa uji wa kumwagwa tu. Sasa alimtazama mtu huyu mwenye grisi mpaka viwikoni, akahisi furaha inayouma.

Jumatatu asubuhi karani alikuja, kitabu ndani ya gunia ili kisilowe. Wale watu watano walikuja pia. Nyanchoka alisimama penye kigingi, mgongo umegusa ubao wa gari.

"Jina?"

"Drusilla Nyanchoka."

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

Kepher alikohoa. Nyanchoka aliielewa maana ya kikohozi hicho, na alitamani sana kukifuata.

"Nilikuwa Kapsoit, kwa maombi. Na hii gari, bwana karani, usiandike kwamba iliharibika. Ni nzima. Ilikaa hapa kwa ajili yangu."

Mmoja wa wale watano akasogea hatua moja mbele. Kepher akafumba macho.

Lazarus alitazama gurudumu, kisha mfuko wa Kepher uliovutwa chini na kitu kizito, kisha kitabu chake.

"Mama," akasema, "mimi si fundi wa magari. Jumamosi nilikuta gari hapa, nikaandika gari. Lakini kitabu hii inataka mtu." Akalowesha ncha ya penseli kwa ulimi. "Leo naona mtu."

Akaandika. Herufi zilikuwa kubwa na za polepole, na Nyanchoka, ambaye hakujua kusoma, alizifuata zote kwa macho mpaka ya mwisho. Kisha karani akamgeukia Kepher. "Na hiyo gari itoke hapa kabla ya saa nne," akasema kwa ukali, akaenda zake kigingi cha kumi.

Waendesha magari watatu waliingia chini ya ubao wakainua. Nyanchoka naye aliweka bega. Gurudumu likapanda ekseli, Kepher akatoa chuma chake mfukoni, akakigonga kwa jiwe mara mbili. Ng'ombe wakafungwa nira. Nyanchoka alitafuta Kiswahili cha kutosha akakikosa.

"Mbuya mono," akashukuru, kwa lugha ya mama yake.

Kepher hakujua Kikisii. "Hata mimi, mama," akajibu, akapiga mluzi, na ng'ombe wakavuta.

Gari lilipotoka, mvua ilikuwa imeacha kidogo. Uwanja mzima ulikuwa tope. Kando ya waya wanawake walipiga magoti wakipuliza kuni zilizotoa moshi bila moto. Lakini pale lilipokuwa limesimama gari, upana wake na urefu wake, ardhi ilikuwa kavu, yenye vumbi na nyasi za manjano.

Nyanchoka alipanga mafiga yake matatu. Aliyapanga pembeni, si katikati, kisha akainua kichwa kumtazama yule wa kigingi cha nane, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi.

"Leta kuni zako," akamwambia. "Waambie na wengine. Hapa iko nafasi."

Wakaja mmoja mmoja, kuni kwapani, wakifuta miguu kwenye nyasi kabla ya kukanyaga pakavu.