Kidole cha Kipa

Watu wote humwita Kipa, hata mama yake mzazi. Ujanani alidaka mpira, baadaye akawa kinyozi, na vidole vyake ni ushahidi tosha. Hakuna ambacho hakijawahi kuteguka. Kile cha pete kina kifundo kinene kama fundo la kamba, lakini chini yake, pale pete inapokaa, ni chembamba.

Tulipokata shauri kuoana, mimi nikiwa na miaka hamsini na yeye akinizidi kidogo, nilimwomba kitu kimoja tu: avae pete. Sababu sikumwambia. Mume wangu wa kwanza pete yake iliishi mfukoni. Alidai inamkwaruza kazini, nami nikaamini, mpaka nikasikia kuna nyumba nyingine ambako anajulikana kuwa hana mke. Aliondoka zamani na simlilii. Lakini nikimwona mwanamume anatia pete mfukoni, simwamini mpaka leo.

Sonara alinionya. "Mlete mwenyewe nimpime, tena mchana, mkono ukiwa umepata joto. Asubuhi kwenye baridi vidole husinyaa."

Yaani mimi ndiye wa kufundishwa kupima? Nimeshona nguo tangu nikiwa msichana, nimewavisha maharusi na wajawazito, na hakuna aliyerudi kulalamika. Nikachukua uzi, nikamzungushia Kipa kwenye kifundo huku akinywa chai, na nilipokata, mkono wangu kwa mazoea ukaongeza nafasi ya kupumulia. Nguo isiyo na nafasi hupasuka mtu akikaa. Kwamba kidole hakikai wala hakishibi, hilo sikulifikiria.

Pete ilipokuwa tayari nikaipeleka kwenye kibanda chake cha kunyolea. Alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Kipa akaivaa, ikapita kifundo bila hata kubisha hodi, naye akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Kisha akainama kuchukua brashi, na pete ikatumbukia kwenye bakuli la povu.

Mteja alicheka. Kipa akaiopoa, akaifuta kwa taulo, akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Nitaiweka hapa," akasema. "Hapa haipotei."

Damu ilinichemka. "Itoe."

"Fundi, itaanguka tena."

"Itoe mfukoni, Kipa. Nilishawahi kuolewa na mfuko. Sirudii."

Nikamweleza yote palepale, maana nikishaanza huwa sina breki. Mteja akajitia kusoma bei zilizobandikwa ukutani. Nilipomaliza nilikuwa na hakika kwamba nimeiua ndoa kabla haijazaliwa.

 Kipa akazima mashine, akamgeukia mteja. "Ndugu yangu, niwie radhi. Nakuja sasa hivi." Akanishika mkono tukatoka. Huyu ni mtu ambaye siku umeme ulipokatika alimalizia kichwa kwa mkasi, akimulikiwa na simu. Sikuwahi kumwona akiacha kazi katikati.

Sonara aliitazama pete, akanitazama na mimi. "Nani alipima?"

"Mimi."

"Na ukaongeza."

"Kidogo."

Akashusha pumzi, akatoa kishada chake cha pete za kupimia. Iliyopita kifundo kwa raha ilicheza chini. Iliyokaa vizuri chini ilikataa kabisa kupita kifundo. Kipa alijaribu moja baada ya nyingine, na uso wake ukazidi kuinama.

"Nilijiharibu mwenyewe," akaniambia kwa sauti ndogo. "Labda kidole hiki si cha kuvaa pete. Nilijua, ila niliogopa kukwambia. Nilidhani utabadilisha mawazo."

Iliniuma kumsikia. Muda wote huo nilidhani mwenye hofu ni mimi peke yangu.

"Nani kasema hakivai?" sonara akadakia. "Nitaipunguza, ipite kifundo kwa kusukumwa. Halafu ndani, upande wa chini, nitachomelea vitone viwili vya dhahabu. Vitaishikilia isicheze wala kuzunguka."

Nikaelewa papo hapo. "Kumbe ni mwanamke mwenye nyonga pana na kiuno chembamba. Gauni lipite nyonga kwanza, halafu ulibane kiunoni."

"Naam. Ungeyajua hayo mapema ungenipunguzia kazi."

Tukakaa kwenye benchi la nje kusubiri. Si muda, yule mteja akatokea, taulo shingoni, nusu ya kichwa inang'aa juani, watu wote wa mtaa wakimgeukia. Nilijua tutatukanwa. Yeye akaketi katikati yetu.

"Mmefikia wapi?" akauliza.

Sonara alipoita tuliingia sote watatu. Kipa akaisukuma pete, ikakwama kwenye kifundo. Akaizungusha huku amekunja uso, ikapita. Akakung'uta mkono, haikutikisika. Basi mzee mzima akajirusha pembeni kama mpira umeelekea kona ya goli, kiganja kikapiga ukuta wa duka la watu. Pete ikabaki mahali pake. Mteja akapiga makofi, sonara akatuomba tuondoke kabla hatujamvunjia kioo.

Tulirudi, na Kipa akamalizia kile kichwa. Nilisimama nyuma nikiitazama pete kwenye kioo, ikipita juu ya sikio la mteja, ikizunguka kisogo, ikirudi. Furaha ilinijaa.

Mteja alipoondoka, Kipa akavua shati, akabaki na fulana, akanikabidhi.

"Fundi, nishonee huu mfuko. Uzibe kabisa."

"Na kalamu utaweka wapi?"

"Sikioni."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikatoa sindano na uzi kwenye mkoba. Niliushona mara mbili, na safari hii sikuacha nafasi.