Pejo Iliyovishwa Nguo ya Mtumbwi

Hebu weye unijibu: umeona wapi kikongwe anapakwa wanja na kuvishwa sketi ya msichana ili mahari yake ipande? Hujaona. Basi njoo Rugenge, hapa Uvira, tukuonyeshe gari lililofanyiwa hivyo, tena na wanaume wazima wenye ndevu.

Gari lenyewe lilikuwa Pejo ya zamani ya marehemu Bigirimana. Aliinunua kwa mfanyabiashara Mgiriki aliyekuwa akihama, akawa anaiosha kila Jumamosi kwa vitambaa alivyokata kwenye vitenge vya mkewe, bila kumuuliza mkewe. Rangi yake ilikuwa kijani, lakini si kijani cha kujivunia: kijani cha sombe, majani ya muhogo, iliyochemshwa mara mbili. Jua la ziwani lilikuwa limeipausha juu ya paa, mvua ikaitia madoa chini ya milango, na pale dirishani Bigirimana alipozoea kuegemeza kiwiko akiendesha, rangi ilikuwa imelika mpaka chuma kikachungulia.

Mjane wake, mama Apollinarie, kiwiko hicho alikijua kwa nyuma. Siku ya ndoa yake, kiti cha mbele alikaa mama mkwe, na bibi arusi akabanwa nyuma katikati ya mashangazi wawili wanene wenye jasho. Mama mkwe alipokufa, mbele alikaa pasta. Pasta alipohamishiwa Lemera, mbele ilikaa bidoni, dumu la mafuta ya mawese, kwa sababu, alisema Bigirimana, nyuma itamwagika. Apollinarie hakuwa mtu wa kumwagika, kwa hiyo alibaki nyuma pamoja na watoto na kuku. Shingo ya mumewe aliijua kuliko uso wake.

Hamu yake ilikuwa moja, tena ndogo: kukaa mbele. Safari moja tu, kutoka Rugenge mpaka mpakani Kavimvira na kurudi, akiona barabara badala ya shingo. Lakini mama mwenye wajukuu atamwambia nani neno la kitoto kama hilo? Alilimeza, likamkaa kooni kama mwiba wa samaki mukeke.

Sasa mtoto wake wa kwanza, Cyprien, anayebadilisha pesa pale Kavimvira, akasikia kwa wateja wake kwamba Bujumbura kuna bwana anaitwa Ndikumana, anayekusanya magari ya zamani kama wengine wanavyokusanya ng'ombe. Akaipiga Pejo picha, akamtumia bwana huyo kwa simu. Jibu likarudi kabla hajaweka simu mfukoni: "Usimuuzie mwingine. Nakuja Jumamosi."

Hapo akili zikaanza kuwa nyingi.

Kwetu kitu hakitoki nyumbani na uchafu wake. Mbuzi wa mahari anaoshwa kwa sabuni. Msichana akienda kuonekana na wakwe anapakwa mafuta mpaka nzi wateleze. Cyprien akaona ni aibu mgeni avuke mpaka kuja kutazama sombe iliyochacha. Akamwita Thierry, mume wa dada yake, na Jean-Marie, jirani anayepaka rangi mitumbwi ufukweni. Wakakaa kwenye viti vya plastiki kama watu wanaopanga posa.

"Nyeupe," akasema Thierry. "Gari nyeupe iko na bei. Maharusi wote wanatafuta nyeupe."

"Nyeupe inaonyesha kutu, shemeji," akasema Cyprien. "Nyeusi, kama za wakubwa."

"Nyeusi? Mugeni atauliza tumezika nani ndani."

"Nyekundu basi."

"Nyekundu! Unataka waseme marehemu baba mukwe alikuwa na gari ya kunywa damu?"

"Njano."

"Taksi hiyo."

Apollinarie alikuwa mlangoni anachambua maharage. Akainua kichwa. "Wanangu, minye naona, kabla haijauzwa, ingekuwa..."

"Mama, chai iko?" akauliza Cyprien.

Chai ilikuwepo. Akaenda kuileta, na neno lake akalirudisha lilikotoka.

Basi usidhani rangi ilichaguliwa kwa hekima. Ilichaguliwa kwa debe. Jean-Marie alikuwa na bluu iliyobaki kwenye kazi ya mtumbwi mmoja, akawaambia, "Bluu haina ubaya, ndugu zangu. Hata mbingu ni bluu, na mbingu haijawahi kukosa mteja."

Akapaka kama anavyojua: kwa burashi pana, nene juu ya nene, maana mtumbwi ukipakwa kwa ubahili unakunywa maji. Kuku walipita wakaacha manyoya. Vumbi la barabara likaja, likapenda, likakaa. Alipomaliza akarudi nyuma kutazama, akaona kuna kitu kinakosekana, na mkono wake ukafanya wenyewe ulichozoea: ukachora mstari mweupe ubavuni mwa gari, pale maji yanapofikia, na karibu na pua ukaandika kwa herufi za kulala, MUNGU ANAJUA.

"Kuandika nani alikuomba?" akauliza Cyprien.

"Yaya, kaka yangu, chombo bila jina kinazama."

Wakalitazama. Halafu Thierry akasema, "Iko kali kabisa," kwa sauti ya mtu anayesifia chakula kibaya cha wakwe.

Apollinarie akasogea polepole, akanyoosha mkono kwenye mlango wa mbele.

"Mama, acha! Haijakauka!"

Akaurudisha mkono. Kidole kimoja kilikuwa cha bluu.

Jumamosi Ndikumana akafika, shati limenyooshwa, mikononi glavu nyeupe kama mtu anayekuja kuzalisha. Akasalimia vizuri, akamuulizia mama hali yake, akatazama uani huku na huku.

"Gari iko wapi?"

"Si hii hapa, muzee," akasema Cyprien, anatabasamu.

Ndikumana hakutabasamu. Akaizunguka. Akang'oa unyoya mmoja, akautazama. Akafungua buti, akainua mpira uliotandikwa, na pale chini kijani kilikuwa bado kimelala salama. Akakipapasa kama mtu anayefunga macho ya maiti.

"Nani alifanya hivi?"

"Tulifanya wote," akasema Thierry, akingojea asante.

"Vijana," akasema Ndikumana, "gari ya zamani ni kama mwanamuke muzee. Hatafutwi kwa uzuri, anatafutwa kwa meno yake mwenyewe." Apollinarie akafunga mdomo. "Ile kijani, na madoa yake, na pale ilipolika kwa kiwiko, ndiyo ilikuwa bei. Hata mungeipaka rangi safi ya garaji, bei ingeshuka. Nyinyi mumeipaka ya mutumbwi, bei imezama. Na jina muliiandikia!"

"Tutaikwangua," akasema Cyprien haraka.

"Mukikwangua, zinatoka zote mbili."

Jean-Marie akakuna kichwa. "Lakini muzee, ungeinunua ungeenda nayo wapi?"

"Kuenda? Ikienda inachakaa. Ningeiweka ndani, chini ya shuka. Jumapili nafunua, natazama, nafunika."

Apollinarie akamtazama huyo bwana wa glavu. Kumbe wajinga wako wa kila rangi. Hawa wanataka kizee kiwe kipya, yule anataka gari lisilokwenda popote, na wote wanaitana wataalamu.

Ndikumana akachungulia ndani, akalainika kidogo. "Sawa, nisirudi bure. Vioo na viti nitachukua, hivyo havikupakwa. Makopo yanayobaki mumpe huyu fundi, aende kuvulia dagaa."

Cyprien, kwa aibu, akaona bora kupata kidogo. "Chukua, muzee. Anza na kiti cha mbele cha kulia, cha abiria. Hicho hakijachakaa."

Ndikumana akatoa spana.

Hapo maharage yakamwagika. Apollinarie alikuwa amesimama na ungo wake wa kuchambulia, ukamtoka mkononi. Akapita katikati ya wanaume wote, akashika mlango wa mbele, akavuta. Rangi ya Jean-Marie ikapasuka kama ganda la muhogo, mlango ukafunguka. Akaingia, akakaa, akapanga kitenge chake magotini, akaweka miguu pale bidoni ya mawese ilipoacha duara.

"Mama! Toka, tunafungua hicho kiti!"

Hakutoka. Akapangusa vumbi kwenye kioo cha mbele kwa kiganja.

Cyprien akainama dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu habari hii ianze, akamuuliza mama yake swali lisilo la chai. "Mama, unataka nini?"

"Leta ufunguo, unipeleke Kavimvira," akasema. "Na weye muzee wa Bujumbura, sogea na spana yako, unaniziba barabara. Rangi pakeni yoyote. Bei mutajua wenyewe. Minye, tangu siku ya ndoa yangu, nilitaka kukaa mbele."