Mistari Kumi na Sita

Fundi vioo alikuwa akipima kioo cha dirisha la jirani wakati mkewe alipotoka bafuni, akafunua gauni na kumwambia atazame. Tumbo lilikuwa limegeuka kioo, kuanzia chini ya mbavu hadi nyongani. Fundi akaligonga kwa kucha, akasikiliza.

"Milimita nne," alisema. "Halina kiputo hata kimoja."

"Sikukuuliza ubora, fundi wangu. Niambie unaona nini."

Aliona utumbo ukijikunja, na upande wa kushoto, chini, uvimbe wa ukubwa wa limau uliong'ang'ania kama kupe. Ulikuwa ukivuja damu. Mwaka mzima na miezi minne zahanati walikuwa wakimpa mama huyu dawa ya kupaka ya bawasiri. Akisema anaona damu chooni, bawasiri. Akikonda mpaka pete inamtoka akifua, bawasiri, na apunguze mawazo. Mficha maradhi kifo humuumbua, sawa. Lakini huyu hakuficha kitu. Alisema kila mwezi, na hakuna aliyevaa glavu akampima.

Siku ileile, Ijumaa ya kwanza ya Machi, wakaenda hospitali kubwa. Daktari wa upasuaji akawasha tochi, akaita wanafunzi wake sita.

"Umeziba nusu ya njia," aliwaambia. "Ini safi. Huyu tukimpasua sasa, anapona."

Wanafunzi wakaandika. Kisha daktari akamwandikia kipimo cha kamera ya kuingizwa utumboni, maana bila majibu ya kamera jina haliingii kwenye orodha ya upasuaji.

"Lakini dokta, si unauona?" fundi aliuliza.

"Mimi nauona, mzee. Fomu ndiyo haioni."

Kamera ilikuwa mbovu. Waliambiwa warudi Ijumaa.

Nyumbani fundi alichukua kalamu ya nta, ile ya kuwekea kioo alama kabla ya kukata, akauzungushia uvimbe mstari na kuandika tarehe. Ijumaa iliyofuata kamera ilikuwa bado, na uvimbe ulikuwa umevuka mstari kwa upana wa ukucha. Akachora mwingine. Ijumaa ya tatu kamera ilikuwa imepona, ila mwenye kuiendesha yuko likizo. Ikawa ndiyo hivyo, nenda rudi, nenda rudi. Fundi aliogopa sana. Vipimo ndiyo kazi yake, na vipimo vilikuwa vikimwambia kwamba anafiwa huku anatazama.

Ijumaa ya tisa vidoa vyeupe vitatu vilitokea kwenye ini. Mkewe aliviona kwenye kioo cha kabati.

"Hivyo usivizungushie," alimwambia.

Akavizungushia.

Kamera ilimfikia wiki ya kumi na sita, utumbo umeziba kabisa na mama anatapika. Majibu yalisema kuna uvimbe, upande wa kushoto. Orodha ikampokea. Kesho yake asubuhi nesi alimpangusa tumbo kwa spiriti, kama anavyopanguswa kila mgonjwa, na mistari yote kumi na sita ikaondoka na pamba. Visu vya hospitali havikukata kioo, basi fundi akavalishwa gauni la kijani. Akakata duara safi kwa almasi yake ya kukatia vioo. Daktari akautoa utumbo pale kwenye duara, akaufungia mfuko wa kupokelea haja. Uvimbe aliuacha palepale, kwa sababu ini lilikuwa limejaa vidoa.

Baadaye alijaza fomu kando ya kitanda. Fundi aliisoma kichwa chini miguu juu: *Sababu ya uvimbe kutotolewa: mgonjwa alichelewa kufika.*

"Dokta, sisi tulifika Machi."

"Wote huandikwa hivyo, mzee," daktari alisema kwa upole. Akamshika bega, akaenda kitanda cha pili.

Mkewe alifumbua macho.

"Kalamu unayo?"

Ilikuwa sikioni, mahali pake.

"Ichore tena. Yote."

Fundi akafunua shuka, akaanza na ule wa kwanza, mdogo, wa Machi. Tarehe zote alizikumbuka. Alikuwa kwenye mstari wa kumi na mbili nesi alipofika na pamba na chupa ya spiriti.

"Nipishe kidogo, baba," alisema. "Nasafisha kidonda."

Fundi akampisha.