Vyeo vya Raja wa Bhanwargarh

Alhamisi alasiri, Mangu tarishi alikuwa akiyamwagia maji mapazia ya nyasi ili upepo uingie na ubaridi, na Munshi Gulab Rai, karani wa barua, alikuwa ameketi chini akichonga kalamu yake ya utete. Mbele yake palikuwa na mfuko wa hariri nyekundu. Barua za Waingereza kwa wafalme wenyeji wa India zilisafiri ndani ya hariri, kwa Kiajemi safi, na katika ofisi ile Kiajemi safi kilikuwa kazi ya Munshi tangu ujana wake.

Kapteni Harwood, mkuu wa ofisi, alikwisha andika ya kwake, ya Kiingereza, kwa jenerali kambini: mizinga iende Bhanwargarh, ngome itwaliwe. Ya Munshi ilikuwa ya kumtuliza Raja. Jeshi linapita tu, lango lifunguliwe, askari wapewe kivuli na nafaka.

"Watakuja leo?" Mangu aliuliza.

"Wakija wape maji. Na usiwaulize maswali kama siku ile."

Watu wa barua walikuja kila ilipoandikwa barua ya namna hiyo. Walikuwa ni wale ambao barua ingewaua. Walikaa barazani na masizi yao, wakanywa, hawakumsumbua mtu. Kapteni aliwachukulia kuwa watu wenye malalamiko, na alichotaka ni kwamba wasikae upande wa maua ya mkewe. Munshi naye alijiambia miaka yote kwamba wanaletwa na ile barua ya Kiingereza, na kwa hiyo usiku alipata usingizi.

Akaanza vyeo vya Raja, ambavyo hutangulia kila barua. Alipoandika Nguzo ya Ufalme, wakaingia wapishi wawili na mwendesha tembo. Alipoandika Upanga wa Haki, wakaingia walinzi wa lango, kisha wanawake. Barua ya Kiingereza ilikuwa imeondoka tangu asubuhi, na baraza ilikuwa tupu mpaka yeye alipochovya kalamu. Munshi aliliona hilo. Lakini mkono ulikwisha zoea, ukaandika Rafiki wa Moyo, na akaingia binti yake Sukhdei, mtoto kiunoni, nywele zimeungua upande mmoja. Akainama akamgusa baba yake miguu.

"Umekuja lini, mwanangu?"

"Sijaja, Baba. Niko nyumbani, nimeinjika dengu."

"Sasa hapa unafanya nini?"

"Nasubiri tu. Na huyu mjukuu wako ana kiu."

Mangu akawapa maji.

Munshi aliogopa kama hajapata kuogopa. Mume wa Sukhdei, Daulat Rai, ndiye aliyekuwa akimsomea Raja barua zake huko Bhanwargarh, na hakuna msomaji wa barua asiyejua kuhesabu vyeo. Cheo kimoja kikipungua, maana yake urafiki umekwisha: lango hufungwa, na wanawake na watoto hupelekwa milimani kabla jua halijazama. Munshi akachukua karatasi nyingine, akaandika yote upya, akakiruka cheo cha Rafiki wa Moyo.

Barazani watu wakaanza kujikung'uta masizi. Mpishi mmoja akauliza nani kavaa viatu vyake. Sukhdei akampandisha mtoto vizuri kiunoni, akashuka kidato cha kwanza cha ngazi, na nywele zake zilikuwa zimerudi.

Kapteni akaja na kikombe cha chai, akaisoma barua huku akiifuata kwa kidole. Alijifunza Kiajemi Kalkuta, na vyeo alivipenda kuliko hata walio navyo.

"Munshiji, umemnyima rafiki yetu cheo. Ni uzee huo, au kuna jambo?"

Aliuliza kwa upole. Mwaka uliopita karani wa kambi ya jirani aliulizwa kwa upole vilevile, kisha akafungwa kwenye mdomo wa mzinga, na Munshi ndiye aliyetumwa kumwandikia mjane. Akamtazama Sukhdei pale ngazini. Alikuwa amempa mgongo.

"Macho, Sahib. Macho yamechoka."

"Basi kiweke."

Akakiweka. Mwandiko ulitoka mzuri kuliko wa kwanza. Watu wakarudi bila kunung'unika, kila mmoja mahali pake, na Sukhdei akaketi karibu na nguzo.

"Umekula, Baba?"

"Nitakula."

Kapteni akamimina lakiri, akaugandamiza mhuri, akaenda zake kumalizia chai. Hapo akaingia Daulat Rai, wa mwisho, na nguo zake za ikuluni, kifua kimetoboka. Akamwamkia mkwewe kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Raja alisita, Baba," alisema. "Akaniuliza, tufungue? Nikamwambia vyeo vimetimia, tena huu mwandiko ni wa mkwe wangu, naujua. Tukafungua."

Munshi akampisha aketi na mkewe. Barua ilikuwa bado magotini mwake. Akaitia katika mfuko wa hariri, akafunga kamba, akatoka nje kumkabidhi mpanda farasi.