Kamera Iliyogeukia Mti

Pale dukani aliponunulia betri walimwita Betri, na jina likamganda hivi kwamba hata akipigiwa simu na mtu asiyemjua alijibu, "Betri hapa." Kazi yake ilikuwa kutunza kamera za porini, vile visanduku vya rangi ya majani makavu vinavyofungwa kwa mikanda kwenye miti na kujiwasha vyenyewe mnyama akipita. Alizunguka msitu akibadilisha kadi za kuhifadhia picha na betri, akifuta utando wa buibui kwenye lenzi, akikata nyasi ambazo upepo ukizitikisa kamera hudhani ni mnyama na kupiga picha za bure. Wanyama wenyewe alikuwa hawaoni. Yeye alifika wakishapita.

Alikaa peke yake katika nyumba ya mradi wa utafiti, ukingoni mwa msitu. Zamani walikuwa wawili, lakini mwenzake alipata kazi kwingine, akaondoka na redio yake, na nafasi yake haikujazwa. Mke na watoto walikuwa mjini kwa ajili ya shule. Akipiga simu, mtoto mmoja alisema "salama, baba" na kumpa mwenzake, naye akasema "salama, baba" na kumpa mama yao, na mama yao kila mara alikuwa na kitu jikoni kinaungua.

Kamera iliyomtoa jasho ni ile ya kijitoni. Mtafiti mkuu aliitamani kuliko zote, kwa sababu matopeni pale zilionekana nyayo za fisi maji, yule mnyama mla samaki asiyeonekana kirahisi. Lakini kila Betri alipofungua kadi yake alikuta picha za gome la mti. Gome, gome tena, halafu kipande cha anga. Akadhani mkanda umelegea, akaukaza. Akadhani ni nyani, maana nyani hawana adabu na mali ya mtu, akaifunga juu zaidi. Akafungua kifuniko, akakuta sisimizi wamehamia ndani na mayai yao kama wapangaji waliolipa kodi, akawapuliza nje wote. Kadi akaifuta na kuiandaa upya. Ikarudi na gome.

"Weka video badala ya picha," mtafiti mkuu akamshauri kwenye simu. "Dakika moja moja, na sauti uiwashe. Hata kama haioni, tutasikia nani anaichokoza."

Ulikuwa ushauri mzuri. Aliporudi na kadi, Betri aliweka sahani yake kando ya kompyuta, akawa anakula huku anatazama. Gome. Maji yakichuruzika. Kisha mtu akakohoa, na sauti ya mwanamke ikasema, karibu kabisa, kama vile amesimama nyuma ya kiti:

"Baba, mama, naomba mkae kidogo. Nina jambo." Maji tu. "Hapana, siyo hivyo. Baba, mama, mmenichukua kama mtoto wenu wa kumzaa. Tangu mume wangu afariki sijaona ubaya kwenu hata siku moja. Ila mimi nataka…"

Dakika ikaisha. Video iliyofuata ilianza anapenga kamasi.

Betri akaacha kutafuna. Sauti ile aliijua. Ni ile ile iliyomuuliza dukani kila alipofika, "Hizi betri unazila, au?" Alikuwa mkwe wa mwenye duka, mjane wa mwanawe, na kwa kuwa wazee wale walimwita Mkwe, wateja nao walimwita Mkwe. Mambo yakawa wazi. Alikuja kijitoni, akaigeuza kamera isimwone, na akimaliza aliirudisha, ila hakukumbuka ilielekea wapi hasa. Wala hakujua kuwa sasa ilikuwa na masikio.

Cha kufanya kilikuwa chepesi: azime sauti, ahamishe kamera, yaishe. Hakufanya. Alijiambia kwamba fisi maji hajapatikana. Ukweli ni kwamba kesho yake aliamka na hamu ya kwenda kazini, jambo ambalo lilikuwa limemtoka zamani. Akaanza kuiweka kadi ya kijitoni mwisho, baada ya zote, kama mtu anayebakiza nyama pembeni ya sahani. Mkwe aliyajaribu maneno yale kwa kila namna, kwa upole, kwa haraka, na mara moja kwa ukali ambao yeye mwenyewe aliucheka. Akifika kwenye "nataka", ama dakika iliisha ama alinyamaza.

"Nataka nini? Si useme," Betri akasema kwa sauti, peke yake chumbani, na akashtuka. Hakuwa ametamka neno tangu asubuhi.

Alipokwenda dukani, mzee alikuwa ameketi kwenye gunia, anasifia mbele za watu kama kawaida yake. "Huyu Mkwe wangu siku akiondoka, mimi nafunga duka. Sijui hata chumvi inakaa wapi."

Mkwe akacheka na wengine, akamfungia Betri betri zake. "Leo vipi? Umeinamia kaunta kama umeangusha sindano."

Betri akalipa, akatoka. Njia nzima ya kurudi alijisikia kama mtu aliyetoka kwenye nyumba ya watu na kitu mfukoni.

Kesho yake akaenda kijitoni saa ambazo video zilionyesha kuwa atamkuta. Ili asimtishe, alianza kupiga kelele akiwa bado mbali. "Hodi! Hodi jamani!"

"Porini hodi?" sauti ikajibu. "Karibu, mlango uko wazi."

Alikuwa amekaa juu ya jiwe, viatu kando, miguu majini. Kamera ilikuwa imeutazama mti.

"Najua umekuja kunigombeza," Mkwe akasema. "Nisamehe, kaka. Sipendi kutazamwa."

"Dada, hiyo kamera inasikia."

Mkwe akatoa miguu majini.

"Niliiwekea sauti mimi," Betri akaendelea, maana akisita asingemaliza. "Sikujua kuwa ni wewe. Lakini nilipojua, nikaendelea kusikiliza."

"Mara ngapi?"

"Zote."

Mkwe alichukua kiatu, akakishika tu. "Jambo hili sijamwambia hata mama yangu mzazi. Wewe ndiye wa kwanza kulijua, na wewe sikukuambia."

"Ni kweli."

"Kwa nini, lakini? Mtu mzima kama wewe."

Betri alitazama maji. "Ile nyumba haina mtu. Nikawa nasikia mtu."

Mkwe akakiweka kiatu chini. Betri akachomoa kadi, akaiweka kwenye kile kifaa chake kidogo cha kuangalizia, akafuta video zote Mkwe akiona, akamwambia kuwa za nyumbani atazifuta leo.

"Nitajuaje?"

"Hutajua."

Jibu hilo lilimtuliza Mkwe kidogo, kwa namna ambayo kiapo kisingemtuliza. Akavaa viatu. Halafu, badala ya kuondoka, akasimama mbele yake. "Mwanzo umeusikia. Basi kaa usikie na mwisho. Wewe ndiye baba."

Betri akakaa kwenye tope.

Mkwe akayasema yote toka juu, na safari hii hakusimama. "Ila mimi nataka kurudi kwetu. Si kwa ubaya. Hapa kwenu kila kitu kinamngoja mwanenu, na mimi nimechoka kungoja naye hayupo." Akamtazama Betri. "Baba atajibu nini?"

"Atanyamaza kwanza."

"Halafu?"

"Sijui. Mimi ningesema, nenda, mwanangu."

"Haya," Mkwe akasema, na akashika njia bila kuaga.

Betri akaigeuza kamera, akazima sauti, akakaza mkanda. Jioni ile alifuta video zilizobaki. Ya mwisho ilimchukua muda, lakini aliifuta bila kuisikiliza tena.

Alipokwenda tena dukani alimkuta mzee nyuma ya kaunta, anafungua maboksi moja baada ya jingine.

"Ameenda kwao," mzee akasema kabla hajaulizwa. "Alitukalisha kitako, mimi na mke wangu, akaongea vizuri, hata nikashangaa. Kama mtu aliyepanga kila neno."

"Ukamjibu nini?"

"Nilinyamaza. Mke wangu ndiye aliyemwambia nenda salama." Akainua macho. "Mimi mpaka leo bado namjibu, nikiwa peke yangu hapa."

Alimpa betri za saa ya ukutani, ndogo mno. Betri akazipokea, akamwonyesha boksi lenyewe lilipo, rafu ya chini, nyuma ya mishumaa. Mzee akashukuru, kisha akauliza kama ana haraka.

"Sina."

Akamsogezea gunia. Wakaketi. Mtoto akaja kununua sukari, mama mmoja akaja kuuliza bei ya sabuni akaondoka, na kati ya mteja na mteja hawakuwa na mengi ya kuambiana. Muda wa kufunga ulipofika, Betri alimsaidia kuingiza vitu ndani. Mzee akamsindikiza mpaka njia panda, akasimama pale, na Betri akaendelea mwenyewe.