Diski za Pikapu ya Machimboni

Mtaa mzima ulimwita Mama Spea, na kazi aliijua. Ukimwekea kipuri chakavu mezani, alikigeuza, akakikagua ukingoni, kisha akakwambia gari lako linapita wapi na unaliendesha vipi. Watu walimtania kwamba ukimpelekea breki atakutajia hata uliyegombana naye asubuhi, naye alicheka pamoja nao.

Jumatano ile hakucheka. Pikapu nyeupe ya machimboni ilisimama mbele ya duka lake ikisaga chuma kwa chuma, na aliyeshuka kwenye usukani alikuwa mdogo wake wa mwisho, Mrefu, aliyelelewa naye tangu mama yao alipofariki. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya miezi miwili.

"Shikamoo, dada. Naomba pedi za breki za mbele."

"Marahaba. Zile za mwezi uliopita umezila?"

Mrefu akacheka kidogo, cheko la kujilazimisha. Nyuma yake, ndani ya pikapu, alikuwemo mtu aliyekaa kimya, vioo vimepandishwa juu na jua lile lote.

Fundi wa gereji ya jirani akapiga jeki, akafungua gurudumu la kulia. Pedi zilikuwa zimekwisha mpaka kwenye bati. Lakini kilichomfanya Mama Spea achutame ni diski yenyewe, sahani ya chuma inayobanwa na pedi. Ilikuwa imebadilika rangi, buluu-buluu kama sufuria iliyosahauliwa motoni, na uso wake umejaa nyufa nyembamba kama nywele. Akazipapasa. Ufa mmoja ukamnasa ukucha.

"Mnabeba nini huko?"

"Kokoto, dada. Kokoto tu."

"Hili gari linashuka mlima na mzigo mara mbili ya uwezo wake, na mguu wako hautoki kwenye breki. Usinifanye mtoto."

Mrefu akatazama viatu vyake. "Nipe pedi tu, zile za kawaida. Diski tutazichonga kwenye mashine."

"Zimeshapita kipimo," fundi akasema, kipimo chenyewe kiko mkononi. "Ukizichonga tena utabaki na kisosi."

Mlango wa pikapu ukafunguka. Bosi wa machimbo alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooka, sauti ya chini kiasi cha kukulazimisha umsogelee.

"Mama, kuna tatizo?"

"Diski imepasuka. Siuzi pedi za kufunga kwenye diski hii."

"Wewe kazi yako kuuza. Kuendesha tutaendesha sisi." Aliyasema polepole, kama anayembembeleza mtoto alale. "Na maduka mtaani ni mengi."

Hilo lilikuwa kweli. Duka la nne kutoka hapo wangepewa chochote wanachotaka, bila swali. Mama Spea akakata shauri. Akamwambia fundi aivue diski ile, akaibeba mpaka uani, akailaza juu ya mawe mawili, akashika nyundo kubwa na kuipiga mara moja. Alijua diski nzima hulia kama kengele na kuirudisha nyundo juu. Hii ilitoa mlio mfu, ikakatika vipande viwili. Yeye mwenyewe alishtuka. Alikuwa amejiandaa kupiga mara tano.

Akarudi na vipande, akaviweka mezani mbele ya bosi.

"Sasa hakuna cha kuchonga."

Fundi akasogea kando. Bosi alivitazama vipande, kisha akamtazama yeye bila kupepesa. Halafu akatabasamu.

"Basi nichagulie mwenyewe. Zilizo bora kuliko zote."

Alimchagulia. Diski nzito zenye matundu ya kupitisha upepo katikati, mbili, kwa sababu breki hazibadilishwi upande mmoja. Pedi za magari ya mizigo, ngumu, namba akazilinganisha mara mbili. Akamweleza mdogo wake kwamba siku za mwanzo asikanyage kwa ghafla. Magurudumu yalipokwisha kufungwa, bosi alilipa na kupiga kofi mwili wa pikapu kwa furaha.

"Kwa breki hizi, mama, naongeza safu nyingine."

"Safu ya nini?"

Bosi alikwisha kuingia garini. Mrefu ndiye aliyejibu, akipita karibu na bega lake. "Ya watu, dada. Tunawapakia vibarua juu ya kokoto."

Siku nne simu ya Mrefu haikupatikana. Mama Spea alihudumia wateja akijiona amemkabidhi yule mtu ruhusa kwa mkono wake mwenyewe.

Jumatatu mchana Mrefu akaingia kwa mlango wa uani, kwa miguu, vumbi mpaka kwenye kope. Alikunywa maji vikombe viwili kabla ya kusema.

Alhamisi walipakia watu ishirini na wawili. Breki zilishika barabara, hazikuwa na kosa. Lakini kwenye kona ya tatu kokoto ziliporomoka, mpishi wa kambi akaanguka nazo, akavunjika paja. Bosi akasema twende. Mrefu akasimama, akashuka kumwinua. Bosi akahamia kwenye usukani, akaondoka na wengine pamoja na simu ya Mrefu. Mrefu akambeba mpishi mgongoni mpaka zahanati. Tangu hapo kuna pikipiki inayopita mbele ya chumba chake, inapunguza mwendo, inaondoka.

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Dereva wa kabla yangu alisema, dada. Mpaka leo hajulikani alipo."

Mama Spea akafunga duka saa saba mchana, wakaenda kituoni. Polisi waliandika maelezo yao taratibu, neno kwa neno, kisha askari wawili wakaenda nao kwenye njia panda chini ya mlima. Jioni pikapu ikateremka. Watu kumi na tisa walikuwa juu ya mawe, wameshikana viuno. Iliposimamishwa ilisimama papo hapo. Walishuka mmoja mmoja, askari akiwahesabu.

Bosi alitoa funguo bila ubishi. Alipompita Mrefu, alimnyooshea kola ya shati.

"Pole na safari," akasema kwa ile sauti yake. "Kwenu napajua."

Askari hakusikia, au alijifanya.

Usiku ule Mama Spea na Mrefu hawakulala nyumbani. Walikwenda kwa mjomba wao, upande wa pili wa mji. Pikapu ilibaki uani kwa polisi. Bosi aliwekwa ndani, akatoka kwa dhamana baada ya siku mbili. Siku ya tisa Mama Spea alipiga moyo konde, akafungua duka. Mrefu alikaa nyuma ya meza, uso umeelekea mlangoni. Kila gari liliposimama nje, wote wawili waliacha kazi mpaka waone nani anashuka.